Ametuliaje?

Mimi ni mtoto wa Tunduma, na mtoto wa Tunduma haogopi kelele. Nimekua malori yakiunguruma kwenye foleni, wabadilisha fedha wakiita wateja, na mama yangu akibishana bei ya mchele na Wazambia kwa Kiswahili chenye Kibemba katikati. Kazi za shule tulizifanyia pale pale nyuma ya magunia, na tulifaulu. Kilichomtisha mama kilikuwa kimya. Siku magari yakikwama upande wa pili, barabara ikabaki na mbuzi na askari anayepiga miayo, mama alikaa juu ya gunia, akajishika shavu na kusema, "Leo mpaka umetulia." Alilisema kwa sauti ile ile ambayo watu wengine hutangazia msiba.

Neno hilo nilikwenda nalo chuo, nikarudi nalo, na sikujua kwamba nimebeba kitu cha maana.

Nilipokuwa nasomea ubingwa wa magonjwa ya watoto tulipangiwa miezi ya mazoezi nje ya chuo, na mimi nikaangukia hospitali moja ya mkoani kwetu Songwe, huku juu kwenye baridi, ambako asubuhi za Juni moshi hutoka mdomoni hata kwa asiyevuta sigara. Nilifurahi. Nilikuwa daktari tayari, nimeshafanya kazi miaka kadhaa, na mkono wangu ulikuwa unaandika dawa wenyewe kabla mgonjwa hajamaliza sentensi. Nilidhani ubingwa ni kuongezewa majibu juu ya yale niliyokuwa nayo.

Bingwa aliyetusimamia alikuwa mama mfupi, Mnyiha wa huko huko, anayevaa sweta chini ya koti jeupe mwaka mzima. Tulimwita Mwalimu. Tulikuwa wawili chini yake, mimi na kijana mmoja kutoka pwani ambaye wiki ya kwanza yote alizungumza huku meno yakigongana. Asubuhi ya kwanza Mwalimu alitusimamisha miguuni pa kitanda cha mtoto mmoja, na kabla sijatoa kipima moyo shingoni akasema, "Mikono nyuma."

Tukatii, mikono ikarudi nyuma, tukawa kama walimu wakuu wawili wanaokagua usafi wa mstarini. Mama wa mtoto akatuangalia kwa wasiwasi. Mwalimu naye mikono yake ilikuwa nyuma, ametulizana, kana kwamba siku nzima ni yake. Baadaye ndipo akauliza, "Mmeona nini?"

"Nimonia," mwenzangu akajibu.

"Sijauliza ana nini. Nimeuliza mmeona nini."

"Mtoto," nikasema mimi, na ninakiri nilisema kwa jeuri.

"Hilo hata mimi nililiona nikiwa mlangoni. Wewe una miwani minene yote hiyo, umeona nini?"

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, nimezirithi kwa watu wanaouza mchele mpakani. Wodi ilikuwa imejaa, wagonjwa wanangoja, na sisi tumesimama kama tunapigwa picha. Lakini kwa kuwa sikuwa na la kufanya na mikono yangu, nikaangalia. Nikaangalia kwa hasira, nikaendelea kuangalia, na hasira ikanitoka bila mimi kujua imepita wapi.

Tundu za pua za yule mtoto zilikuwa zinafunguka na kujifunga. Pale shingoni, juu kidogo ya kifua, palikuwa na kishimo kinachozama kila anapovuta hewa. Kichwa chake kilitikisika kidogo kila pumzi, kama mtu anayeitikia habari asiyoipenda. Macho yalikuwa kwa mama yake tu, na biskuti aliyopewa aliishika bila kuila, kwa sababu mtu anayehangaikia pumzi hana nafasi ya kutafuna. Yote hayo yalikuwepo wakati wote, hadharani. Nilikuwa nimewatibu watoto miaka kadhaa nikiweka chuma kifuani kutafuta siri, kumbe mtoto ambaye hata kukaa hajakaa vizuri anajieleza kwa mwili mzima, na anaongea na kila mwenye macho. Nywele zilinisimama. Sikuwa nimewahi kujisikia mdogo hivyo na kufurahi kwa wakati mmoja.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa mikono nyuma. Mwenzangu alimpachika Mwalimu jina la Mikono Nyuma, na nadhani alilijua. Alitufundisha mengi, ya dawa na vipimo na vitabu, lakini yaliyonikaa ni yale aliyoyasema akitembea kati ya vitanda. "Mtoto anayelia ana akiba ya nguvu," alikuwa akisema. "Anayekupiga teke ana akiba kubwa zaidi. Muogope yule anayekuacha umfanye utakavyo." Kwa hiyo wodi yake ilikuwa na fujo, na fujo haikumsumbua. Mimi ilinikumbusha nyumbani.

Ndipo akaja yule mama kutoka bondeni.

Alikuwa Msukuma, wa zile familia zilizohamia bonde la Momba na ng'ombe wao, binti mrefu ambaye alikuwa bado hajazoea kuitwa mama. Mume alibaki na mifugo. Yeye alipandishwa kwa pikipiki kutoka kwenye joto hadi huku kwetu, na aliposhuka alikuwa anatetemeka, amemviringisha mwanawe kwa kila kitenge alichokuwa nacho. Mtoto alikuwa wa kiume, ametoka kujifunza kukimbia, miguu minene, na kifua kimembana vibaya. Hewa kwenye damu yake ilikuwa imeshuka. Niliweka mikono nyuma, nikaona kila nilichofundishwa kuona, na kingine ambacho hakikuhitaji mafunzo: alikuwa analia kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

"Kwetu ni hivyo hivyo," mama akatueleza kwa haya. "Baba yake akiita ng'ombe, na yeye anaita. Wanamsikia kweli, dokita."

Tulimuunga kwenye chupa. Ni chombo rahisi mno kwa kazi kinayofanya: hewa ya oksijeni inapita kwenye mipira hadi puani, na mpira mwingine unatoka hapo kwenda kuzama kwenye chupa ya maji. Maji yanaizuia hewa kidogo isitoke ovyo, na kizuizi hicho kidogo ndicho kinachoyashika mapafu ya mtoto yasijifunge. Muda wote chupa inatokota kama sufuria la maharage. Ukisikia inatokota, hewa inafika. Kila nikiikaribia nilistaajabu upya kwamba uhai unaweza kushikiliwa na maji ya kina cha vidole vichache tu.

Yule mtoto hakustaajabu. Alipigana na ile mipira asubuhi nzima. Aliing'oa, tukairudisha, akaing'oa tena, akapiga makelele mpaka wodi nzima ikamjua. Mama yake aliona aibu kubwa. Alikuwa mgeni kati ya kina mama wa Kinyiha na Kinamwanga walioelewana kwa lugha zao, na hapa mwanawe ndiye anayewanyima watoto wa wenzake usingizi. Kila mara alimwinamia akimsihi, "Tulia, baba. Tulia. Watu wanakuangalia." Kisha anageukia vitanda vingine: "Mtusamehe jamani, huyu hana adabu."

"Mwache," mama mmoja akamjibu, lakini uso wake haukusema mwache.

Mchana ukasogea. Nilikuwa kitanda cha jirani, Mwalimu yuko upande wa pili wa wodi, ametupa mgongo, anamwangalia mtoto mwingine. Makelele yakapungua, yakakatika. Ungehisi wodi nzima imeshusha mabega. Muuguzi akasema, "Asante Mungu." Yule binti akamfunika mwanawe vizuri na kitenge hadi chini ya kidevu, maana kwao bondeni hakuna baridi ya namna hii, akamziba na masikio, kisha akasimama na kunitazama kwa tabasamu la mtu aliyemaliza deni la aibu.

"Dokita," akasema, "sasa ametulia."

Na mimi nikatabasamu.

Mwalimu, bila kugeuka, akauliza, "Ametuliaje?"

Sijawahi kusikia mtu akiuliza hivyo. Kutulia ni kutulia. Binti yule naye alisita. Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza, na swali hilo halina jibu jepesi hata kwa aliyezaliwa nacho. Akatafuta maneno, akayakosa, akaamua kuonyesha. Akaacha shingo yake iangukie bega. Akalegeza mdomo. Akashusha kope zikafunga nusu ya macho, na weupe ukabaki.

Ndipo nikasikia kile ambacho Mwalimu alikuwa ameshakisikia akiwa na mgongo kwetu: hapakuwa na mtokoto. Chupa nayo ilikuwa imetulia. Na tumboni mwangu, mahali ambapo hakuna shule iliyowahi kufika, mama yangu alikaa juu ya gunia akajishika shavu.

Niliruka. Nilipokifunua kile kitenge nilikuta mpira umechomoka kwenye kiungio, hewa inapotelea kwenye nguo. Midomo ya mtoto ilikuwa rangi ya majivu. Alikuwa amepigana hadi akiba yake ikaisha, na pambano lake la mwisho ndilo lililouchomoa mpira, na baridi yetu ndiyo iliyoleta kitenge cha kuuficha.

Mwalimu alifika nikiwa nimeshashika ule mfuko wa mpira wa kupumulia, unaominywa kwa mkono. Nilitegemea aniondoe. Hakuniondoa. Aliweka vidole vyake chini ya kidevu cha mtoto, akakiinua kidogo, kama mtoto anayenusa chakula jikoni, akaubana mdomo wa ule mfuko usoni pake, akaniambia, "Minya."

Nikaminya. Mikono yangu ilikuwa na haraka, ilitaka kumjaza hewa yote ya Songwe kwa mara moja.

"Hapana. Usipumue kwa haraka yako. Pumua kwa umri wake. Minya... achia, achia. Minya... achia, achia."

Muuguzi alikuwa upande wa pili anavuta makamasi na kurudisha mpira mahali pake. Mama mtoto alisimama ukutani na kitenge mikononi, kama mtu aliyekutwa na kisu.

"Nimemfunika mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemfunika."

Mwalimu hakuinua macho. "Wewe ndiye uliyesema, mama. Usingesema, nisingeuliza. Njoo hapa kichwani kwake, uendelee kusema. Anakujua wewe, sisi hatujui."

Akaja. Akapiga magoti, akaanza kusema naye kwa Kisukuma, taratibu, jambo moja moja, kama anayehesabu. Baadaye nilimuuliza alikuwa anasali sala gani. Akasema hakuwa anasali, alikuwa anamtajia ng'ombe wao kwa majina, kuanzia wa mbele.

Nami niliminya na kuachia. Kile kifua kidogo kilikuwa kinainuka kwa sababu kiganja changu kimejikunja, na kilishuka kwa sababu kimefunguka, na nilikiona wazi, bila kitambaa na bila kitabu kati yetu. Nimesimama makanisani, nimesimama makaburini, na mahali pote pale sijawahi kuogopa na kuabudu kama nilivyofanya pembeni mwa kile kitanda, mchana kweupe, sahani za ugali zikiwa bado hazijaondolewa madirishani. Kiganja kikajikunja, kifua kikainuka. Kikajikunja, kikainuka. Kisha kifua kikainuka na kiganja changu kiko wazi.

"Mwalimu," nikasema.

"Nimeona," akasema. "Msubiri. Mpe nafasi."

Kikainuka tena bila mimi. Midomo ikaanza kurudisha rangi, kutoka katikati kwenda pembeni. Chupa ikaungwa upya, ikaanza kutokota, na sijui kama nimewahi kupenda sauti nyingine hivyo.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi wanaonisikia nikisimulia hudhani nimeishia hapo. Lakini mtoto alirudi nusu. Siku zilizofuata homa ilishuka, hewa yake ikapanda, vipimo vyote vikampendeza mwenzangu wa pwani ambaye alianza kuandika kwa herufi nzuri. Mtoto alikuwa anavuta pumzi, anameza maziwa, anatazama dari. Hakulia. Ulimpima, akakuacha umpime. Ulimgeuza, akageuka. Mama yake alimwita kwa jina, na macho yakachelewa kuja, na yalipokuja yakapita.

Nilijua ninachokiogopa, na kila daktari angekijua. Ubongo hauvumilii kukosa hewa. Hakuna aliyejua kitenge kile kilikaa juu ya kile kiungio muda gani.

"Dokita," binti yule akaniuliza asubuhi moja, "atarudi?"

"Mbona yupo, mama," nikasema. Nilijisikia mwongo hata kabla sijafunga mdomo.

"Yupo," akasema. "Lakini hajarudi."

Nilimpelekea Mwalimu maneno hayo nikitarajia anipe ya kumjibu. Alikuwa anapuliza chai yake. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema, "lakini hiyo ni methali tu, usiende kumwahidi mtu kwa methali. Kaa naye. Mikono nyuma."

Jioni nilimpigia simu mama yangu Tunduma. Sikumweleza kitu, nilimuuliza tu hali ya biashara. Akasema mpaka umetulia tangu juzi, kuna hitilafu huko kwa wenzetu, hauzi hata kilo. Nikamuuliza anafanya nini sasa. "Nakaa," akasema. "Malori huwa yanarudi, mwanangu. Nikiondoka nani atayauzia?" Nilicheka, nikakata simu, nikalia kidogo, nikaenda kulala.

Kwa hiyo na mimi nikakaa. Kila nilipomaliza vitanda vyangu nilirudi miguuni pa kile, nikaweka mikono nyuma, nikamwangalia. Binti alizoea. Alinisogezea kigoda, nami sikukikalia. Yeye aliendelea kumtajia ng'ombe wake wale, na mimi nikaanza kuwajua kwa mfuatano. Kina mama wa vitanda vya jirani, wale wale, walikuja na uji na kumuuliza kwa upole kama mwanawe ameshasema chochote. Kimya cha mtoto mmoja kilikuwa kimeinyamazisha wodi yote. Mwenzangu wa pwani aliacha hata kulalamikia baridi.

Asubuhi moja mahali pa sindano yake ya mshipani palivimba, ikabidi ihamishwe. Mwalimu alikuwepo, amesimama miguuni pa kitanda. Nikaushika mkono wa mtoto, ukakaa kiganjani mwangu bila kupinga, kama ulivyokuwa umezoea, nikausafisha na kumchoma.

Mkono ukavutwa.

Mtoto aliuangalia mkono wake. Akaniangalia mimi. Uso ukaanza kujikusanya, nyusi zikaja katikati, mdomo ukafunguka na hakuna kilichotoka, ukaendelea kufunguka, kifua kikajaa, kikajaa, na kilio kilipotoka kilitoka pamoja na mguu, na ule mguu mnene ukanipata usoni sawasawa. Miwani yangu ikaruka. Sauti ile ikagonga bati na kurudi. Mtoto wa kitanda cha tatu akaamka na kuanza kulia naye, na mwingine akafuata.

"Tulia!" mama yake akamkemea kwa mazoea, amemnyooshea kidole. "Tulia, we mtoto, unampiga dokita!"

Kisha akakisikia alichosema. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akamtazama Mwalimu kwa macho makubwa.

Mwalimu hakumtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi, mikono iko nyuma.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Sioni kitu, Mwalimu," nikasema, na ilikuwa kweli, miwani ilikuwa chini ya kitanda na macho yangu yamejaa maji.

Yule binti akaitoa mikono mdomoni. Akamwinamia mwanawe, akaweka paji lake la uso karibu na lile la mtoto, katikati ya makelele yale yote, na hakuomba radhi kwa mtu yeyote.

"Lia, baba," akamwambia. "Lia. Waite."

Naye akawaita.